Ushahidi wa Vyombo vya Nyumba

Ukimwuliza bibi mzaa baba, mwenyeji wa Mombasa, vitu vilivyomo chumbani mwake huitwaje kwa jumla, yaani viti, meza, kitanda na sanduku, yamkini atakujibu kuwa ni vyombo. Ukimwuliza mwalimu wa Kiswahili, atasema kuwa ni samani. Ukimwuliza fundi auzaye makochi kando ya Barabara ya Ngong, Nairobi, atakujibu palepale kuwa ni fanicha. Wote watatu wamesema kweli, na katika majibu yao matatu mna sehemu kubwa ya historia ya pwani yetu.

Chombo ni neno la Kibantu, nalo ni pana: chungu ni chombo, jembe ni chombo, na jahazi likatalo mawimbi nalo huitwa chombo. Samani lafanana na neno "saman" la Waajemi na Wahindi, ambalo kwao ni mizigo na mali ya nyumbani. Fanicha ni neno la Waingereza, lililozoea hewa ya hapa hata likapata irabu mwishoni kama maneno mengine yote. La kwanza ni la wenyeji, la pili ni la biashara ya Bahari ya Hindi, na la tatu ni la watawala walioondoka Kenya mwaka 1963.

Kwa muda mrefu wageni walioandika habari za pwani walikuwa na njia fupi ya kuamua mambo. Walitazama mlango wenye nakshi au kiti kizuri, wakasikia neno la Kiarabu au la Kiajemi likitajwa karibu yake, wakakata shauri kuwa kitu hicho na ustadi wake vililetwa na wageni, naye mwenyeji alikaa tu akipokea. Hukumu ya namna hii ilitolewa mapema mno. Jina ni shahidi, na shahidi yapasa ahojiwe kabla hajaaminiwa. Aulizwe: umetoka wapi? Umefika lini? Tena, wewe na kitu unachokitaja mlisafiri katika jahazi moja, au kila mmoja alikuja kwa njia yake? Swali hili la mwisho ndilo ambalo waandishi wengi walilisahau.

Natuanze na kiti, kwa sababu ndicho kinachoonekana chepesi. Mti na kiti ni ndugu wa tumbo moja. Shina lao ni lile lile, "-ti", na kiambishi "ki-" kimeufanya mti kuwa kitu kilichotokana na mti. Wakikuyu, ambao makwao ni mbali na bahari, huuita mti "mũtĩ" na kiti huita "gĩtĩ". Neno hili basi halikungoja jahazi lolote. Waarabu wana neno lao la kiti, "kursi", na Waislamu wa pwani hulijua vema kwa kuwa aya moja mashuhuri ya Kurani huitwa kwa jina hilo. Hata hivyo hakuna aliyeacha kusema kiti nyumbani akasema kursi. Mtu haazimi kwa jirani kitu alicho nacho tele.

Na kiti hapa kwetu hakikuwa kipande cha mti cha kupumzishia miguu tu. Wazee wa Kikamba walikuwa na vigoda vya miguu mitatu vilivyopambwa kwa nyuzi za shaba zilizopigwa ndani ya mbao kwa ustadi mkubwa. Kigoda cha mzee kilijulikana kuwa ni chake, wala mtoto hakukikalia. Kutoka hapo si mbali kufika kwenye neno mwenyekiti. Waluo husema "jakom", yaani mwenye "kom", na kom ni kiti. Waingereza nao humwita msimamizi wa mkutano mtu wa kiti. Nilipokuwa mdogo nilidhani kuwa mwenyekiti ni mtu aliyekuja mkutanoni na kiti chake kutoka nyumbani, kwa kuwa huenda waliomwalika hawakuwa na viti vya kutosha. Sikukosea sana. Mahali ambapo watu wote huketi chini, mwenye kiti hajifichi.

Kitanda nacho ni shahidi mzuri, hasa kile cha zamani cha kuwambwa kwa kamba. Mtu wa leo hukiona kama kitu kimoja, lakini seremala wa pwani alikuwa na jina kwa kila kiungo chake. Miti miwili mirefu ya ubavuni huitwa mifumbati. Miwili mifupi, wa kichwani na wa miguuni, ni vitakizo. Miguu minne ni matendegu. Upande wa kulaza kichwa ni mchago. Nafasi iliyo chini ni mvungu, nao tunaukumbuka kwa ile methali isemayo kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kamba za makumbi ya nazi au za miyaa hupitishwa na kupishanishwa mpaka uwanda mzima ukakaza kama ngozi ya ngoma. Na kweli tendo lenyewe ni moja, kwani kitanda huwambwa na ngoma huwambwa.

Yatazame majina haya vizuri. Mfumbati, kitakizo, tendegu, mchago, mvungu: yana viambishi vya Kiswahili na sauti za Kiswahili, na huwezi kuyasikia sokoni Maskati wala Bombay. Jina la chombo kizima laweza kuazimwa na mnunuzi yeyote aliyekiona dukani. Lakini majina ya viungo vya ndani hutungwa na mtu anayevishika, anayevipima na kuvichongoa. Kila uonapo kitu chenye viungo vingi vyenye majina ya kienyeji, fahamu kuwa karibu na hapo palikuwa na fundi mwenyeji.

Sasa tuhamie mezani, na hapa ushahidi unaanza kupingana. Watu wa pwani walikula wakiwa wameketi juu ya mkeka au jamvi, chakula kikiwa katikati yao katika chombo kimoja, na mkono wa kulia ndio kijiko. Waarabu walikula vivyo hivyo. Kwa hiyo meza ndefu ya miguu minne haikuwa na kazi katika mlo wa kila siku, na jina lake ni la kigeni. Lakini la nani? Wengi husema ni la Wareno, ambao kwao meza ni "mesa". Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, Vasco da Gama alipopita Mombasa akaenda kupokewa vema Malindi. Mwaka 1593 walianza kuijenga Ngome ya Yesu kule Mombasa, nao wakatolewa humo na Waomani mwaka 1698. Muda wa miaka mia mbili watosha kwa neno moja kuvuka kutoka katika chumba cha nahodha mpaka katika nyumba za mji. Ila Waajemi nao huita meza "miz", na Wahindi husema "mez", nao walifanya biashara na pwani hii kabla ya Mreno kuijua njia. Mashahidi wawili wamesimama mbele yetu, kila mmoja akisema kuwa mtoto ni wake, na mtoto amefanana na wote wawili. Mimi naelekea upande wa Mreno, kwa sababu neno hili limeambatana na mengine ya kwake yasiyo na shaka. Lakini siwezi kumlaumu anayeelekea upande wa pili.

Mojawapo ya hayo yasiyo na shaka ni kasha, ambalo kwa Wareno ni "caixa". Jingine ni bweta, kisanduku kidogo cha kutilia vito na vitu vya thamani, ambalo kwao ni "boceta". Parafujo, ule msumari wenye mizunguko, ni "parafuso" yao. Ukifungua mkoba wa seremala wa pwani utaona mkutano wa mataifa: shoka ni la Kibantu, msumari ni wa Kiarabu, randa ni ya Waajemi na Wahindi, parafujo ni ya Wareno. Naye fundi amevitia vyote katika mkoba mmoja, na kazi itokayo humo ni yake.

Kasha linatufundisha jambo kubwa kuliko ukubwa wake. Katika nyumba nyingi za watu wenye uwezo, tokea Lamu hata Unguja, palikuwa na kasha kubwa la msaji au mti mwingine mgumu, lililopambwa kwa njumu, yaani vichwa vya misumari ya shaba na mabamba ya shaba yaliyokatwakatwa kwa nakshi. Humo ziliwekwa nguo za bibi arusi, dhahabu na hati za mali. Mengine yalikuwa na visanduku vya siri upande wa chini. Wanunuzi wa Ulaya na Marekani huliita kasha la Zanzibar. Lakini makasha mengi ya namna hiyo yaliundwa Surat na Bombay, yakapakiwa majahazini, yakashushwa Unguja na Mombasa. Basi hesabu: neno ni la Mreno, kazi ni ya Mhindi, msaji ni wa misitu ya Asia, jina la dukani ni la kisiwa cha Afrika, na aliyeweka ndani yake nguo za mwanawe ni Mswahili. Anayetaka kujua asili ya kasha kwa kutazama jina lake tu atakwenda Lisbon, na huko hatalikuta.

Kiti cha enzi ni kesi iliyo kinyume cha hiyo, na ni kesi ngumu. Neno enzi ni la Kiarabu, lenye maana ya utukufu na nguvu. Kiti chenyewe ni kirefu cha mgongo, chenye mikono na ubao wa kuwekea miguu. Aghalabu mti wake ni mpingo au mwingine mweusi. Mgongo na kalio hujazwa kwa kamba nyembamba zilizosukwa kwa utaratibu, na katikati hupachikwa vipande vyeupe vya pembe ya ndovu au mfupa, vyeupe juu ya cheusi, kama nyota. Vipande vyake hushikana kwa kupachikana. Kiti hiki kilikaa katika nyumba za jamaa kubwa za Lamu, Pate na Siyu, kikitolewa kwa ajili ya mgeni wa heshima.

Wataalamu wameshindana sana juu yake. Wengine, kwa kutazama umbo lake la pembe mraba, wameuelekeza uso Ureno na Hispania. Wengine wamekwenda Misri ya zamani za Wamamluki. Wengine wamekwenda India. James de Vere Allen, aliyekuwa mtunzaji wa kwanza wa Makumbusho ya Lamu, aliandika makala nzima juu ya viti hivi mwaka 1989. Mimi naona kuwa mashindano hayo, ingawa yana faida, yamekaa mno kwenye swali moja, nalo ni umbo lilitoka wapi. Swali la pili lina uzito uo huo: lilipofika, watu walilifanyia nini? Walichukua umbo wakalipa kazi iliyokuwa ikifanywa na kigoda cha mzee tangu zamani, yaani kuonyesha ni nani wa kusikilizwa kwanza. Kiti kilikuwa kigeni labda, bali enzi ilikuwa ya nyumbani, hata kama jina lake liliazimwa.

Hapa nataka tutoke nje ya nyumba kidogo, tuketi barazani. Baraza ni benchi la mawe na chokaa lililojengwa pamoja na ukuta, kando ya mlango wa mbele. Mwenye nyumba hukaa hapo jioni akazungumza na wapitao, biashara hufanyika hapo, na ugomvi huamuliwa hapo. Mgeni asiyekuwa wa jamaa hupokewa hapo bila ya wanawake wa ndani kusumbuliwa. Kwa vile mashauri yalifanyika barazani, mashauri yenyewe yakaitwa baraza. Chifu alipowakusanya watu chini ya mwembe, ambapo hapakuwa na jiwe wala chokaa, hilo nalo likaitwa baraza. Leo tuna Baraza la Mawaziri, na hakuna anayekumbuka kuwa mawaziri wameketi, kwa jina, juu ya benchi la Mombasa.

Neno diwani lilikwenda safari ya namna hiyo hiyo, ila njiani liligawanyika. Kwa Waajemi na Waarabu, "diwan" lilikuwa kwanza daftari la hesabu za serikali, kisha likawa ofisi yenye daftari hilo, kisha mkutano wa wakuu wa ofisi hiyo. Katika majumba ya Waturuki wakuu hao waliketi juu ya viti virefu vyenye mito vilivyozunguka kuta za chumba. Wazungu waliotembelea majumba hayo waliiacha serikali wakachukua kiti: kwao "divan" ni kiti kirefu cha mito, au kitanda kisicho na ubao wa kichwani. Waswahili waliacha kiti wakachukua serikali: diwani alikuwa cheo cha watawala wadogo wa Mrima, na baadaye akawa mjumbe wa baraza la mji. Nchini Kenya madiwani hao walikoma mwaka 2013, walipoingia wawakilishi wa wadi kwa Katiba ya 2010, Tanzania wangalipo. Tena washairi nao wakachukua maana ya daftari, na mkusanyo wa mashairi ya mtu mmoja huitwa diwani hata leo. Neno moja limekuwa kitanda London, mjumbe Dar es Salaam na kitabu mkononi mwa msomaji wa mashairi.

Sofa nayo haina haya kuonyesha ukoo wake. Waarabu wana neno "suffa", mahali palipoinuliwa pa kukalia, penye kivuli. Waislamu hulikumbuka kwa habari za maskini wacha Mungu waliokaa penye suffa ya msikiti wa Madina. Likapita kwa Waturuki, likaenda Ulaya, likavikwa pamba na springi, likaja Nairobi likiwa katika orodha ya bei pamoja na kochi, ambalo ni la Kiingereza. Kwa hiyo sofa tunayoifunika kwa vitambaa vya kufuma, na ambayo watoto hukatazwa kuikalia mpaka mgeni aje, ni jamaa wa mbali wa baraza ile ya nje.

Na Waingereza wasituone sisi tu kuwa watu wa kuchanganya samani na serikali. Neno wanaloliita baraza lao la mawaziri, "cabinet", lilikuwa kwanza chumba kidogo cha faragha, kisha likawa pia sanduku la kusimama lenye visanduku vingi, kisha likawa watu washauriao mfalme katika chumba hicho. Kabati letu halikutoka huko, bali katika neno lao jingine, "cupboard", lililokuwa hapo kale ubao wa kuwekea vikombe. Angalia tofauti ya mawaziri wao na wetu: wao wamepata jina la chumba kilichofungwa, sisi jina la benchi lililo wazi njiani. Sisemi kuwa serikali zote mbili zimefuata majina yao.

Turudi ndani sasa, kwa maana ushahidi mkubwa uko ukutani. Nyumba za mawe za Lamu, ambazo nyingi ya zile nzuri zilizobaki ni za karne ya 18, zimepangwa kwa namna ya kumwingiza mtu hatua kwa hatua. Kwanza ni daka, ukumbi mdogo wa mlangoni wenye baraza. Kisha kiwanda, yaani ua ulio wazi juu. Kisha misana miwili, chumba kirefu nyuma ya chumba kirefu. Kisha ndani, chumba cha mwenye nyumba na mkewe. Nyuma kabisa ni nyumba kati, ambamo watoto walizaliwa na maiti walioshwa. Vyumba hivi ni virefu lakini ni vyembamba, karibu mita tatu tu, kwa kuwa dari imechukuliwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kubeba uzito wa mawe na chokaa kwa upana zaidi. Urefu wa mti wa mkoko ndio uliokuwa rula ya mjenzi.

Kadiri mtu aingiavyo ndivyo mapambo yazidivyo. Katika ukuta wa ndani kuna zidaka, kama watu wa Lamu wasemavyo; Kiswahili cha shuleni kingesema vidaka. Hivi ni vishubaka vilivyopangwa safu juu ya safu, vimezungushiwa nakshi za chokaa zilizochongwa kwa kisu chokaa ikiwa bado mbichi. Juu yake ziliwekwa sahani na bakuli za kauri kutoka China, vitabu, na vitu vya thamani. Wapo wataalamu waonao kuwa zidaka ziliwekwa ili chumba chembamba kionekane kina kina zaidi. Wapo wasemao kuwa vyombo vya kauri vilidhaniwa kukinga nyumba na jicho baya. Kwamba kauri ilipendwa si jambo la kushindania. Huko Mambrui, kaskazini ya Malindi, liko kaburi la mnara ambalo bakuli za Kichina zilipachikwa katika nguzo yake.

Na neno lenyewe, kauri, ni lile lile la simbi wa baharini, yule koa mwenye gamba jeupe ling'aalo aliyetumika zamani kama fedha. Waswahili walipoona udongo mweupe wa China uling'aa kama gamba lile, waliuita kauri. Waitalia, bila ya kushauriana na mtu yeyote wa Lamu, waliuita "porcellana", ambalo kwao lilikuwa jina la simbi huyo huyo, na Waingereza wakalichukua kwao. Watu wawili wasiojuana wamekitazama kitu kimoja wakakumbuka pwani ile ile. Kama tungetumia njia fupi ya wale waandishi wa kwanza, tungesema kuwa mmoja kamwiga mwenziwe.

Je, nyumba yenyewe ni ya nani? Mark Horton alipochimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, miaka ya 1980, alikuta chini ya msikiti wa mawe misikiti mingine iliyotangulia, na chini kabisa, katika tabaka za karne ya 8, palikuwa na jengo dogo la miti. Mji ulikua mahali pale pale, kutoka mti na udongo hata mawe ya matumbawe, kizazi baada ya kizazi. Dini ilitoka ng'ambo, na biashara ilikuwa na ng'ambo, lakini hakuna usiku mmoja ambao mji wa mawe ulishushwa kutoka jahazini ukiwa tayari.

Milango hutoa ushahidi ule ule. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aliisifu Kilwa kwa nyumba zake za mawe na kwa milango yake ya mbao iliyochongwa kwa ufundi mwema. Yeye aliandika karibu miaka 180 kabla ya Waomani kuitwaa Ngome ya Yesu, na zaidi ya miaka 300 kabla ya Sayyid Said kuhamishia makao yake Unguja. Baadaye, katika karne ya 19, mafundi wa Kihindi waliongeza milango yenye tao juu na maua mengi, na hiyo ndiyo iliyojaa mjini Unguja. Hakuna sababu ya kuwanyima sifa yao. Lakini ile ya mraba ya Lamu na Siyu ina ukoo wa kale zaidi. Nayo, kama kitanda, ina majina ya viungo: miimo ya pande mbili, kizingiti cha juu na cha chini, na mfaa, yaani ule mti wa katikati uliogongomewa kwenye ubawa mmoja, ambao ubawa wa pili huja kuufunika. Katika mfaa ndimo fundi aliweka nakshi zake bora.

Hata hivyo, katika vitabu vingi vya wakati wa ukoloni mlango huu uliitwa mlango wa Kiarabu, na jina hilo lingali likiandikwa na wauzaji wa vitu vya kale. Kiti cha enzi nacho huandikwa kiti cha mabwana wakubwa. Katika karne iliyopita milango mingi iling'olewa katika nyumba zilizobomoka au katika nyumba ambazo wenyewe walihitaji fedha, ikauzwa, ikavuka bahari. Mingine leo ni meza: ubawa umelazwa, umetiwa miguu minne na kioo juu. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 yakataza kutoa vitu vya kale nchini Kenya pasipo idhini, na mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2001. Sheria yaweza kuuzuia mlango bandarini. Kibandiko kilichokwisha kuandikwa hakuna forodha ikishikayo.

Maseremala wa Lamu wangali wanachonga milango na viti vya enzi. Wanunuzi wao wengi ni mahoteli na wageni waliojenga nyumba za mapumziko. Fundi akimaliza, mnunuzi huuliza bei, na huuliza kama mlango utapita katika ndege. Mara chache sana huuliza ule mti wa katikati unaitwaje.